Monita na Umeme wa Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Monita ikiunguzwa na umeme, kilichoiunguza hubaki ukutani. Ukinunua nyingine na kuichomeka kwenye soketi ileile bila kupima chochote, nayo itafuata. Ndiyo maana majibu haya yanaanzia kwenye soketi, ndipo yanaingia ndani ya monita. Vipimo vingi ni vya nyumba zenye umeme wa volti 220 hadi 240. Palipo na tofauti kwa nyumba za volti 110 hadi 127, tumeeleza.

Umeme ulikatika, ukarudi, na sasa monita haiwaki kabisa. Nianzie wapi?

Chomoa waya wa umeme ukutani, chomoa na kebo ya picha, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Iache hivyo dakika 10. Baadhi ya bodi za umeme, yaani bodi inayobadilisha umeme wa ukutani kuwa volti ndogo, hujifunga zinapoona volti imeruka ghafla, na hazifunguki mpaka chaji iliyobaki kwenye kapasita, yaani vifaa vidogo vinavyohifadhi chaji, iishe. Hatua hii haina gharama, na kuna monita zinazofufuka nayo tu.

Baada ya hapo ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, bila ekstensheni na bila kompyuta, ikiwezekana chumba kingine chenye sakiti breka yake. Monita nzima ikiwa peke yake huwasha taa yake na kuonyesha ujumbe kwamba hakuna mawimbi yanayoingia. Isipoonyesha chochote, badilisha waya wa umeme kwa mwingine unaojua ni mzima. Monita nyingi zenye bodi ya umeme ndani hutumia waya wa aina moja na kompyuta ya mezani. Kama plagi yako ni ya pini tatu bapa, ifungue uone fyuzi iliyomo: umeme ukipanda, wakati mwingine huondoka nayo hiyo peke yake, na kazi inaishia hapo. Rudisha fyuzi ya ampia zilezile.

Nitajuaje kosa ni la umeme, la monita au la kompyuta?

Itazame taa ndogo ya mbele kabla ya kugusa kitu kingine.

Taa haiwaki kabisa: umeme haufiki, au bodi ya umeme imekufa. Taa inawaka na ujumbe wa kukosa mawimbi unaonekana: monita ni nzima, tafuta kosa kwenye kebo, kadi ya picha au uchaguzi wa ingizo (tundu la kebo ya picha). Taa inawaka, kompyuta inasikika ikifanya kazi, lakini kioo ni cheusi: zima taa za chumba, washa tochi, imulike kioo kwa pembeni kutoka umbali wa sentimita 5 hivi. Ukiona kivuli cha dirisha au mshale wa kipanya, picha ipo ila taa za nyuma ya kioo haziwaki. Usipoona kitu hata kwa tochi, kosa linaelekea kwenye bodi kuu, ile inayoshughulikia picha.

Taa inapepesa bila kutulia ni habari nyingine, na ina swali lake hapa chini.

Nipime nini kwenye soketi, na nisome nini?

Tumia multimita iliyowekwa kwenye volti za umeme wa kawaida wa nyumbani, kipimo cha 600 au 750, na nyaya za kupimia zisizo na nyufa. Shika sehemu ya plastiki tu. Vipimo ni vitatu, na vyote vitatu vina maana.

Waya wa moto (unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha): kwenye umeme wa 230, usomaji wa 207 hadi 253 unakubalika. Kwenye umeme wa 120, tarajia 114 hadi 126. Pima asubuhi, pima na saa za jioni ambapo kila mtu anapika na kuwasha taa. Kipimo kimoja cha saa nne asubuhi hakikuambii kitu kuhusu saa mbili usiku.

Waya wa moto na athi (waya wa usalama unaoingia ardhini): isome karibu sawa na kipimo cha kwanza. Ikisoma sifuri, au namba inayoelea kama 40, kisha 70, kisha 25, athi haijaunganishwa.

Nyutro na athi: volti chini ya 3 wakati vifaa vinatumika ni kawaida. Ikipanda hadi makumi, nyutro imelegea mahali fulani au ina mzigo uliozidi. Mwite fundi umeme siku hiyohiyo.

Kuna hila moja tunaomba isifanywe hata kidogo: kufunga kipande cha waya kati ya nyutro na athi ndani ya soketi ili ionekane ina athi. Siku nyutro ikikatika, bati la kompyuta na la monita litakuwa na umeme kamili wa ukutani, na atakayeligusa ndiye atakayeukamilisha mzunguko.

Umeme mdogo unaweza kweli kuharibu monita? Nilidhani ni umeme mkubwa tu.

Unaweza, ila kwa polepole. Bodi ya umeme hutafuta wati zilezile hata volti zikishuka, kwa hiyo volti zikiwa nusu, mkondo unaovutwa unakuwa karibu mara mbili. Joto kwenye sehemu zenye ukinzani hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo mara mbili, joto mara nne. Dayodi, transista kubwa na transfoma ndogo hukaa kwenye joto hilo saa nzima za jioni, kila siku.

Lebo ya nyuma mara nyingi huandika volti 100 hadi 240, na watu husoma hapo kwamba monita inavumilia kila kitu. Ni kweli itafanya kazi kwenye volti 150 bila kulalamika. Kinachoichosha ni pale volti zinaposhuka mpaka inajizima, zinapanda kidogo inawaka, zinashuka tena inajizima. Kila inapowaka, kapasita kubwa ya kuingilia hujaa upya kwa mkondo wa ghafla. Ukiona taa za nyumba zinafifia na kurudi, zima monita kwa kuichomoa. Kitufe cha mbele hakiitengi bodi na ukuta.

Umeme ukipanda ghafla, ndani ya monita kunatokea nini?

Inafaa kufahamu mpangilio wa sehemu za kuingilia, kwa sababu ndio unaokuambia kilichotokea. Umeme hupita kwanza kwenye fyuzi, kisha kuna varista, ambayo huwa ni kisahani cha bluu, cha njano au cheusi, kinachosimama kati ya waya wa moto na nyutro. Halafu daraja la dayodi, linalogeuza umeme wa ukutani kuwa wa moja kwa moja, halafu kapasita kubwa ambayo kwenye umeme wa 230 hukaa na volti takriban 325 za moja kwa moja. Kapasita hiyo kwa kawaida imeandikwa volti 400 au 450.

Varista iliyoandikwa 10D471 au 14D471 huanza kupitisha mkondo kwenye volti kama 470 za kilele. Mruko wa muda mfupi mno inaumeza. Mruko unaoendelea kwa sekunde kadhaa unaipasua, nayo inatengeneza shoti inayokata fyuzi. Hiyo ndiyo kazi yake, na monita ya namna hiyo mara nyingi hupona kwa kubadilishiwa vitu viwili tu. Tatizo ni eneo la katikati. Umeme ukifika volti 300 na kubaki hapo, kilele chake ni kama 424: varista bado haijaanza kazi, lakini kapasita ya volti 400 imeshapita uwezo wake. Inavimba, inatoa mvuke, na ukifungua unakuta majimaji yenye harufu kali kwenye bodi.

Umeme wa 300 unatoka wapi? Chanzo kibaya kuliko vyote ni nyutro iliyokatika au kulegea. Kwenye mfumo wa fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto zinazogawiwa nyumba za mtaa, volti kati ya fezi na fezi ni 400. Nyutro ikipotea, nyumba zinazotumia fezi tofauti hugawana hizo 400 kulingana na mizigo yao: yenye vifaa vingi vikubwa inapata volti ndogo, yenye taa mbili na monita inapata kubwa. Dalili yake ni baadhi ya taa kuwaka kwa ukali usio wa kawaida huku nyingine zikififia. Ukiiona, zima meni swichi papo hapo, kisha toa taarifa kwa shirika la umeme. Kwenye nyumba za 120 zenye nyaya mbili za moto, kosa hilohilo linaweza kusukuma soketi kuelekea 240, na hapo monita yenye lebo ya 100 hadi 240 ina nafasi nzuri ya kunusurika wakati vifaa vingine vinaungua.

Kwa nini mnasisitiza kusubiri kabla ya kuwasha tena?

Kwanza, umeme unaporudi mtaa mzima, friji, pampu na viyoyozi vyote vinaanza pamoja na volti hupanda na kushuka kwa dakika kadhaa. Subiri dakika 5.

Pili, ndani ya monita kuna kipingamizi cha joto kinachopunguza mkondo wa mwanzo. Kikiwa baridi kina ukinzani mkubwa. Kikipata joto ukinzani unapotea ili umeme upite vizuri. Ukizima na kuwasha haraka, bado kina joto, hakizuii kitu, na mkondo wa kuijaza kapasita unapita wote. Kipe angalau dakika moja kipoe. Soketi iliyolegea inayokata na kuunga inaifanyia monita jambo hilihili mara kadhaa kwa sekunde, na ndiyo sababu kwa monita tunaogopa zaidi plagi inayocheza kuliko waya mwembamba wa ekstensheni. Monita ya inchi 24 hula wati 15 hadi 30 tu. Unene wa waya si shida yake.

Plagi ikiwa na joto, ina doa la kahawia, au ikilia chichichi ukiigusa, acha kuitumia soketi hiyo. Skrubu za nyuma zimelegea au vibanio vimepanuka. Kwanza zima breka, hakikisha kwa multimita kwamba hakuna umeme, ndipo fundi aikaze au aibadilishe.

Taa ya mbele inapepesa, au monita inachukua dakika kadhaa kuwaka. Hiyo ni nini?

Mara nyingi ni kapasita za upande wa kutokea zimechoka. Kapasita hizi, kwa kawaida za mikrofaradi 470, 680 au 1000 na volti 16 au 25, hulainisha umeme unaokwenda bodi kuu na taa za nyuma. Zikikauka, bodi ya umeme inajaribu kuwaka, inaona volti hazitulii, inajizima, inajaribu tena. Ndiyo kupepesa kunakoonekana. Monita inayogoma asubuhi ya baridi lakini ikishapata joto inawaka vizuri ina ugonjwa huohuo, kwa sababu majimaji ya ndani hufanya kazi afadhali yakiwa na joto.

Kabla ya kuifungua, pima soketi. Umeme ulioshuka sana huleta kupepesa kwa namna ileile, na ni aibu kung'oa kapasita nzima.

Inawaka sekunde mbili, picha inaonekana, kisha giza.

Taa za nyuma zimezimwa na kinga yake. Kwenye monita zenye taa za LED, ama mlolongo mmoja wa LED umekatika, ama bodi inayozipandishia volti imepata madhara umeme ulipopanda. Kwenye monita za zamani zenye mirija myembamba ya mwanga, ni mrija, transfoma yake au kapasita dhaifu. Bodi za mirija hiyo hutoa volti kuanzia mamia hadi zaidi ya elfu moja, kwa hiyo usiiguse ikiwa imewashwa hata kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki.

Picha inapotea kwa sekunde moja friji inapowaka, au hata nikiinuka kwenye kiti!

Zote mbili ni za kweli na chanzo chake kinafanana.

Friji, pampu au kiyoyozi kikianza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Volti inazama kidogo, na swichi ya mota inatoa mpigo mkali wa usumbufu kwenye nyaya. Bodi ya umeme ya monita huvumilia kuzama kwa milisekunde 10 hadi 20. Ikiwa taa ya mbele inazima pamoja na picha, ni kuzama kwa volti: hamishia kompyuta na monita kwenye soketi ya mzunguko mwingine, au weka UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ule wa ukutani ukikatika. Ikiwa taa inabaki imewaka na picha peke yake inapotea kisha inarudi, mpigo umeingia kwenye kebo ya picha na mawasiliano yakavurugika.

Kiti nacho: viti vya ofisini vyenye pistoni ya gesi hujenga umeme tuli unapokaa au kuinuka, na mruko wake hutoa mawimbi yanayotosha kuivuruga kebo ya HDMI au DisplayPort. Dawa ni kebo fupi, chini ya mita 2, yenye kinga nzuri ya chuma, ipitishwe mbali na kiti na mbali na nyaya za umeme. Vishikizo vya feriti, yale mavimbe meusi yanayobanwa kwenye kebo, vinasaidia. Weka kimoja kila mwisho. Kuna watu wamebadilisha kadi ya picha kwa tatizo hili, na kadi haikuwa na kosa.

Kuna mistari inayopanda taratibu kwenye picha, na spika zinavuma.

Angalia kama kompyuta na monita ziko kwenye soketi tofauti zenye athi zinazotofautiana kwa volti chache. Tofauti hiyo hupita kwenye kebo ya picha, na kwenye kebo za VGA, zile za zamani zisizo za dijitali, huonekana kama mkanda unaotembea. Ziweke zote mbili kwenye ekstensheni moja yenye athi. Mkanda ukitoweka, umeshapata jibu. Kwa kebo za dijitali utasikia zaidi mvumo kwenye spika kuliko kuona mistari.

Nikigusa ukingo wa chuma wa monita nahisi kama ganzi au kuchomachoma. Ni hatari?

Ni onyo. Bodi za umeme zina kapasita ndogo za kuchuja zinazounganisha waya wa moto na nyutro kwenye bati. Athi ikikosekana, bati linakaa karibu nusu ya volti za ukutani. Multimita itaonyesha 60 hadi 120, ingawa mkondo wenyewe kwa kifaa kizima ni mdogo, chini ya miliampia moja, na ndiyo maana unahisi ganzi tu. Ila kwa kugusa huwezi kutofautisha uvujaji wa kawaida na waya wa moto uliogusa bati. Pima athi ya soketi. Usikate pini ya athi ili plagi iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili.

Kuna madhara mengine yasiyosemwa vya kutosha. Ukichomeka kebo ya HDMI kati ya vifaa viwili visivyo na athi, zile volti hupita kwenye pini za mawimbi kwa muda mfupi mno na kuua ingizo. Matokeo yake ni monita inayowaka vizuri, VGA inafanya kazi, lakini HDMI imekufa. Pasipo na athi, chomoa vifaa vyote viwili ukutani kabla ya kuunga kebo ya picha.

Monita yangu ina adapta ya nje. Nitajuaje kama ndiyo mbovu?

Bahati yako ni nzuri: kwa kawaida umeme ukipanda, adapta hufa kwanza na monita inabaki nzima. Soma lebo, mara nyingi volti 12, 14 au 19, na pima ncha: katikati ni chanya kwa nyingi, lakini thibitisha kwa mchoro ulio kwenye lebo.

Kusoma volti sahihi bila mzigo hakutoshi. Adapta yenye kapasita zilizochoka itaonyesha 12 kamili ikiwa wazi, na itaanguka hadi 7 ikiwekewa kazi. Kwa adapta ya volti 12, unga kipingamizi cha omu 10 chenye uwezo wa wati 25. Kitavuta ampia 1.2, na kitapata moto, kwa hiyo kiweke juu ya kigae na upime ndani ya sekunde 20. Ikibaki juu ya 11.5 ni nzima.

Ukinunua nyingine, volti ziwe zilezile, ampia ziwe sawa au zaidi, na ncha ilingane kwa kipenyo na mwelekeo. Volti 19 kwenye monita ya 12 hugeuza tatizo dogo kuwa kubwa.

Naweza kuifungua mwenyewe?

Kama hujawahi kupima volti za moja kwa moja zinazozidi 300, mpe fundi. Kapasita kubwa hubaki na chaji baada ya kuchomoa, na chaji hiyo inatosha kukuangusha.

Kwa mwenye uzoefu: chomoa, subiri dakika 10, fungua, pima volti kwenye miguu ya kapasita kubwa. Ikiwa bado iko juu ya 30, iunge kipingamizi cha omu 10,000 chenye wati 5 kwa sekunde 10, kisha pima tena. Usitumie bisibisi kuipiga shoti. Cheche hiyo inaweza kuharibu njia za shaba za bodi na kapasita yenyewe.

Kisha iangalie fyuzi. Kioo chake kikiwa cheusi au kimefunikwa na rangi ya fedha, kumekuwa na shoti kali: pima varista, daraja la dayodi na transista kubwa kabla ya kuweka nyingine. Waya wa ndani ukiwa umekatika tu na kioo ni safi, mzigo ulizidi kidogo. Fyuzi iliyoandikwa T3.15A 250V ibadilishwe kwa T3.15A 250V. Kipande cha waya mahali pa fyuzi ni moto unaosubiri usiku.

Kapasita zilizovimba juu zibadilishe zote za upande huo kwa pamoja, hata zinazoonekana nzima, kwa sababu zimeishi kwenye joto moja. Chagua mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, za nyuzi 105, za aina yenye ukinzani mdogo wa ndani. Pima kipenyo na urefu kabla ya kununua, maana nafasi chini ya bati ni finyu. Mstari wa pembeni unaonyesha mguu hasi, ukigeuza, italipuka.

Mara ya kwanza kuwasha, pitisha umeme kupitia balbu ya waya ya wati 60 iliyoungwa kwa mfululizo kwenye waya wa moto. Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, bodi iko salama. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo, na balbu imekuokolea sehemu mpya. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii.

Ekstensheni yenye kinga inatosha?

Kwa miruko mifupi, ndiyo, mradi athi ipo. Ndani yake kuna varista kama ile ya monita, na kila mruko inaoumeza unapunguza uhai wake. Taa ya kuonyesha kinga ikizima, umebaki na ekstensheni ya kawaida. Haizuii umeme mdogo, na haifai kitu dhidi ya nyutro iliyokatika, isipokuwa ina kifaa kinachokata volti zikitoka nje ya mipaka. Kifaa hicho cha kukata, ambacho husubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme, ndicho tunachokishauri kwanza pale ambapo umeme unapanda na kushuka.

UPS ya ukubwa gani?

Jumlisha wati. Kompyuta ya mezani ya kawaida inayotumia 200, monita 30, ruta 10: jumla 240. UPS iliyoandikwa VA 650 (volti mara ampia) nyingi hutoa wati 360 hadi 390, inatosha. Soma wati kwenye lebo, usidanganywe na VA. Betri moja ya volti 12 na Ah 7 (ampia-saa) itakupa dakika 5 hadi 10 kwa mzigo huo, muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Baada ya miaka 3 hadi 5 betri huisha. UPS inayozima papo hapo umeme ukikatika ina betri mfu, si kasoro ya monita. Chagua yenye uwezo wa kurekebisha volti bila kugusa betri, la sivyo umeme mdogo wa kila jioni utaimaliza betri mapema.

Monita inavuma kwa sauti nikiwa kwenye inveta au jenereta.

Inveta za bei ya chini hutoa umeme wa ngazi badala ya wimbi laini, na transfoma ndogo ndani ya monita hupiga kelele. Nyingi huvumilia, lakini hupata joto zaidi. Inveta ya wimbi safi ndiyo sahihi. Kwa jenereta, iwashe, iache itulie dakika 2 au 3, pima volti, ndipo uchomeke monita. Chomoa monita kabla ya kuzima jenereta: mafuta yanapoisha, volti huyumba vibaya kabla ya kimya.

Radi je?

Chomoa. Hakuna kinga ya mezani inayozuia radi inayopiga karibu. Chomoa umeme, waya wa mtandao na waya wa antena, kwa maana radi hupenda kuingia kupitia ruta, ikapita kwenye kompyuta na kutokea kwenye HDMI ya monita. Fanya hivyo kabla mvua haijafika. Radi ikishaanza kupiga juu yako, usishike nyaya.

Nimesikia harufu ya kuungua lakini monita inaendelea kufanya kazi.

Zima breka, kisha chomoa. Harufu ya samaki au ya plastiki mara nyingi hutoka kwenye soketi au plagi yenyewe, kwa hiyo nusa kote kuwili. Usiwashe mpaka chanzo kijulikane.

Inafaa kuitengeneza au ninunue nyingine?

Fyuzi, varista, kapasita na adapta: tengeneza. Bodi nzima ya umeme ikipatikana yenye namba ileile iliyochapwa juu yake: tengeneza. Ingizo moja lililokufa: tumia jingine lililobaki. Bodi kuu pamoja na kioo vikiwa vimeguswa, fedha yako ifanyie kazi nyingine, na sehemu yake itumike kurekebisha athi ya nyumba.

Nina monita ya zamani ya kioo kinene, picha inatikisika.

Isogeze mita moja kutoka kwenye transfoma, spika kubwa, stabilaiza au ukuta wenye nyaya kuu. Monita hizo huvurugwa na sumaku, na mtikisiko wa mfululizo karibu kila mara ni uga wa sumaku wa umeme ulio jirani. Isiposaidia, usiifungue. Mrija wake hushikilia maelfu ya volti kwa muda mrefu baada ya kuchomolewa, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kuutoa chaji.